Vidonge Ndani ya Pindo

Kila akitoka shuleni, Pilipili alipitia kwenye kibanda cha mama yake, fundi cherehani, akaketi kukunja mapindo ya sare. Jina hilo alilipata kwa sababu ya ulimi wake, na alilistahili, maana hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuulizwa. Ndiyo maana siku alipoulizia kipakiti cheupe alichokiona mkononi mwa mama na kujibiwa, "Mambo ya wakubwa hayo," jibu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama alikuwa mjamzito, na tumbo lilikwisha kuanza kugusa meza ya cherehani. Pilipili hakuwa na ndugu. Alimsubiri mtoto huyo kwa hamu na kwa hofu, kwa kuwa mimba ya mwaka uliopita iliharibika na mama alilia siku nyingi. Sasa, tangu arudi kutoka kliniki, mama alikuwa akigeukia ukutani, anameza kidonge haraka, kisha anaficha kipakiti ndani ya kopo la vifungo. Mtu anayemeza dawa njema hujificha?

Shuleni alimsimulia mwenzake wa dawati, msichana aliyejua habari za mtaa mzima na kuzitia chumvi.

"Dawa na mimba haviendani," mwenzake alisema. "Shangazi yangu alimeza vidonge, mimba ikatoka. Na mama yako akiwa anaficha, ujue kuna jambo."

"Labda ni muuguzi aliyempa."

"Huyo muuguzi unamjua wewe?"

Tangu hapo Pilipili akamshuku kila mtu. Alimshuku muuguzi, aliyemwona mara moja tu kliniki, kwa kutabasamu mno, na mteja aliyemnong'oneza mama sikioni. Alimshuku hata mama mwenyewe: je, hamtaki mtoto? Wazo hilo lilimtia aibu, lakini halikumtoka.

Mama alipotoka kumpelekea mteja gauni, Pilipili alichukua vidonge vilivyobaki. Kuvitupa aliogopa. Akashusha pazia kuukuu la kibanda, akafumua pindo, akavipanga humo na kushona tena kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka kama alivyofundishwa. Fundi mwenyewe asingegundua.

Mama aliporudi alitafuta kila mahali, mpaka akamwaga vifungo mezani. "Umeona kipakiti changu?"

"Kipakiti gani, mama?"

Mama alimtazama, kisha akashusha pumzi. "Basi. Hata hivyo maumivu yamekwisha."

Maumivu? Pilipili alitaka kuuliza, lakini akaogopa kujifichua, akarudi kukunja mapindo.

Siku chache baadaye mama alishindwa kushona. Alitetemeka kwa homa, akajishika kiuno, na tumbo likawa linakaza na kuachia. Fundi viatu wa kibanda cha jirani akaita gari, wakakimbilia kliniki.

"Mtoto akizaliwa sasa ni mapema mno," muuguzi alisema.

Pilipili aliangua kilio. "Ni mimi! Vidonge nilivishona kwenye pazia. Nilidhani vitamuua mdogo wangu!"

Muuguzi hakumgombeza. Alimtundikia mama dripu kwanza, akampa dawa, ndipo akamketisha Pilipili kando ya kitanda.

"Mama yako ana maambukizi ya njia ya mkojo. Mjamzito yeyote anaweza kuyapata. Yasipotibiwa, vijidudu hupanda hadi kwenye figo, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Yapo na maambukizi mengine, kama kaswende, yanayoweza kumfikia mtoto tumboni au wakati wa kuzaliwa. Ndiyo sababu tunapima damu na mkojo hata mama akijiona mzima. Ni kweli zipo dawa zinazodhuru mimba, lakini hizi tulimchagulia tukijua ni mjamzito. Na dozi humalizwa hata maumivu yakiisha."

Pilipili alifuta machozi, bado ana shaka. "Sasa kwa nini alijificha?"

Mama alijibu mwenyewe kwa sauti ndogo. "Niliona haya, mwanangu. Habari za mkojo ningekuambiaje?"

"Mficha uchi hazai, dada," muuguzi alisema, na mama akacheka huku akijishika ubavu. "Wewe uliona haya, binti akashuku, na aliyekaribia kulipa ni yule aliye tumboni, asiyejua lolote."

Kwa bahati njema homa ilishuka na tumbo likatulia. Safari hii mama alimaliza dozi yote, na Pilipili ndiye aliyemletea maji. Wakati ulipotimia akazaliwa mtoto wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Pilipili alimkagua vidole kimoja kimoja kama asiyeamini macho yake.

"Nisikilize," mama alimwambia. "Kushuku si kosa. Kosa ni kutenda kabla ya kuuliza. Nami nilikosa kwa kukunyima jibu. Nikikunyima tena, muulize muuguzi kabla mkono wako haujagusa kitu. Najua ulifanya kwa mapenzi, lakini mapenzi hayohayo nusura yamuue huyu."

Pilipili alimtazama tena mdogo wake.

"Na yeye amepimwa?"

"Amepimwa," mama akajibu. "Ni mzima."