Tochi ya Mrefu

Mwanga ulikuwa unatoka chini ya mlango wa kabati la nguo. Ulikuwa mstari mwembamba tu, na mke wa Betri aliuona asubuhi alipoinama kutafuta kandambili zake. Alidhani ni simu. Akafungua kabati, akapangua makoti, na kwenye pembe ya ndani kabisa akakuta soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Ndani ya soksi mlikuwa na tochi ndogo ya chuma, ya mfukoni, urefu wa kidole cha kati. Ilikuwa inawaka.

"Mzee, hii tochi ya nani?"

Betri aligeuka kitandani. Alipoiona, usingizi wote ulimruka.

"Izime."

"Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Haizimiki."

Akamnyang'anya, akafungua kifuniko cha nyuma na kuigeuzia kiganjani. Hakikutoka kitu. Betri alijua hakitatoka kitu, maana betri alizitoa mwenyewe miaka tisa iliyopita, siku alipoificha. Lakini mwanga ulibaki pale pale, umemkodolea macho, na chumba kikaanza kunuka grisi iliyochacha na maji ya shimo.

"Kunanuka nini?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakunuki kitu. Nenda kamwamshe mtoto, leo siku yake ya kwanza kazini."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na minne, kifungua mimba na kifunga mimba wa nyumba hiyo. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, na asubuhi hiyo alikuwa anaingia kwenye kikosi cha baba yake cha mafundi wa lifti. Betri alijivunia binti huyo kuliko kitu chochote duniani. Na hapo ndipo alipobanwa.

Sasa niwaambie jina la Betri lilitoka wapi, maana bila hilo hamtamwelewa, na mimi sina nia ya kumsitiri. Mtu huyu alikuwa bahili wa betri. Chakula alikula na wenzake, nauli alilipia wenzake, lakini akiona tochi inawaka bure, roho ilimuuma. Atakuzimia tochi huku unaitumia.

Mafundi wa kikosi kile walikuwa na desturi yao. Katika jengo walilolihudumia, refu na la zamani, swichi ya kuizuia lifti kule shimoni ilikuwa imekufa, na wenye jengo kila wakiambiwa walisema kesho. Basi fundi akitaka kuingia shimoni, chini kabisa lifti inakotua, aliwasha tochi yake ya mfukoni, akaiweka kizingitini pa mlango wa chini, kisha akaingia na taa ya kichwani. Aliyekuwa chumba cha mashine juu, kabla ya kuiteremsha lifti, alipiga kelele: "Shimoni?" Aliyekuwa karibu na mlango wa chini aliangalia kizingiti. Tochi ikiwaka, alijibu, "Mtu!" Kukiwa giza, alijibu, "Tupu!" Na tochi ya kizingitini haikuguswa na mkono wowote isipokuwa wa mwenyewe.

Miaka tisa nyuma, fundi aliyeitwa Mrefu aliweka tochi yake kizingitini akaingia. Mrefu alikuwa na tabia ya kuisahau pale hata baada ya kutoka, na Betri alikuwa na tabia ya kumzimia huku akinung'unika. Siku hiyo ilikuwa saa ya chai. Betri alipita, akaiona inawaka, akajua moyoni kwamba Mrefu keshakwenda kunywa chai na kuiacha tena. Akaizima. Kutoka juu ikaitwa, "Shimoni?" Naye, akiwa ameshika tochi ya mwenzake mkononi, akajibu, "Tupu!"

Lifti ilishuka.

Kosa hilo ni kubwa, lakini ni kosa. Lililofuata halikuwa kosa. Mbele ya kikosi kizima, mbele ya msimamizi wao waliyemwita Kipara, mbele ya mke wa Mrefu aliyeletwa bila hata viatu, Betri alisema: "Nilikuta giza. Tochi yake ilikuwa imekufa." Ikaandikwa hivyo. Yule mama akaishi miaka tisa akiambiwa kwamba mumewe alijiua mwenyewe, kwa kubeba tochi mbovu isiyodumu.

Na tochi ile haikuwa mbovu. Mrefu aliibeba kila siku miaka sita, ikaangushwa, ikakanyagwa, ikafuliwa pamoja na suruali, haikukosa kuwaka hata mara moja. Betri aliichukua, akaificha, akajisahaulisha. Kitu kilichokaa katika shimo lile, kilichokuwapo kabla ya jengo na kilichoilamba damu ya Mrefu, hakikusahau. Kiliingia ndani ya tochi kikasubiri mpaka Betri awe na kitu ambacho hawezi kuvumilia kukipoteza.

Wiki hiyo Betri aliijaribu tochi ile kuliko kiwanda chochote kinavyojaribu bidhaa zake. Aliiponda kwa nyundo juu ya chuma, mpini wa nyundo ukavunjika. Aliizamisha kwenye ndoo siku mbili, maji yakawa meusi na kunuka, tochi ikawaka chini yake. Aliiweka mbele ya gurudumu la lori la mchanga, lori likapita, likatoboka tairi. Mwisho alipanda juu ya paa la jengo na kuirusha ghorofa kumi hadi kwenye lami, akashuka kwa ngazi, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akaikuta. Ilikuwa ya vuguvugu.

Nyumbani mambo yalizidi. Mkewe alikuwa anapika, akasikia kitu kinasogea chumbani, akaita kutoka jikoni, "Nani yuko huko?" Sauti ya mumewe ikamjibu, kavu, ya haraka, kama mtu aliye kazini: "Tupu!" Akatabasamu, akadhani mzaha. Dakika mbili baadaye mumewe akaingia kwa mlango wa mbele, na mfuko wa vitunguu mkononi, ndiyo kwanza anatoka dukani. Mwiko ulimponyoka. Tangu hapo akawa haingii chumbani peke yake, akawa analala na taa, na kila taa aliyowasha ilififia polepole mpaka kikabaki kile kimstari chini ya mlango wa kabati, na harufu ya grisi, na mkwaruzo wa kamba ya chuma inayoteremka mahali fulani ndani ya ukuta ambao hauna lifti wala kamba.

Ndipo akamwita Mama Ubani, mtaalamu aliyesifika kwa kuyatoa majini katika nyumba za watu. Alikuja alasiri, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, akaketi kitandani, akafukiza, akaiweka tochi mapajani. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni ukaenda kumzunguka Betri miguuni.

"Mke wako atoke," alisema.

Mke alitoka. Mama Ubani hakupoteza maneno.

"Huyu ana kisasi na wewe. Angekuwa wa kutoka kwa ubani ningeshamtoa. Kuna neno umesema juu ya maiti, na neno hilo ndilo kiti chake. Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

Tochi ikaongeza mwanga. Mama Ubani akaifunika kwa kanga, mwanga ukapita kwenye kanga kama haipo.

"Baba, usinichezee mimi, nina wagonjwa wananingoja. Mambo mawili. Utasema ulichofanya mbele ya wenzako. Halafu utaichukua tochi hii kwa mkono wako, umpelekee aliyefiwa na maiti huyo, umwambie kwa mdomo wako kwamba haikufa. Usitume mtu. La sivyo atachukua chako kwa njia ile ile."

"Na nisipofanya?"

"Nimeshakwambia. Unataka nikwambie kwa wimbo?"

Aliondoka bila kuaga. Betri alikaa pale na hesabu zake: kazi, heshima, binti yake atamwangaliaje. Akaamua atasubiri kwanza. Kwa uamuzi huo peke yake alistahili yote yaliyompata.

Binti naye alikuwa na shida yake. Kazini kila fundi lazima abebe tochi yake. Baba alikuwa amemnunulia tatu kwa siku saba, za madukani, zenye maandishi ya kujisifu. Ya kwanza ilikufa siku ya pili. Ya pili ilikufa akiwa bado ngazini. Ya tatu haikumaliza asubuhi.

"Baba, tochi zako zinakufa kama vifaranga," alisema akicheka, huku anafunga viatu. "Mama kaniambia unayo moja kabatini inawaka hata bila betri. Unawaficha watu, siyo?"

Betri alikuwa bafuni, amejaza sabuni usoni. Alisikia "kabatini" akatoka mbio, lakini mlango wa mbele ulikuwa umeshafungwa, na soksi ilikuwa sakafuni, fundo limefunguliwa.

Basi alilopanda binti lilikuwa limeshaondoka, akakimbia njia nzima kwa miguu na sabuni yake masikioni. Alipofika kwenye jengo ilikuwa saa ya chai, korido ya chini haina mtu, joto la asubuhi liko nje na ndani kuna baridi ya kupenya mifupa. Mwisho wa korido mlango wa lifti ulikuwa wazi. Kizingitini, ikiwa imesimamishwa vizuri kama binti alivyofundishwa, tochi ya Mrefu ilikuwa inawaka. Kutoka shimoni alimsikia mwanawe akipiga mluzi na kufagia.

"Mwanangu, toka!"

"Namalizia, Baba! Grisi hii ya lini? Inanuka kama maiti!"

Akapiga hatua, na tochi ikazimika.

Haikufifia. Ilizimika kwa mlio mdogo wa swichi, kama imebonyezwa na kidole gumba, na kutoka chumba cha mashine sauti ya Kipara ikashuka, ndefu, yenye mwangwi: "Shimoniii?"

Betri akafungua mdomo kusema "Mtu!", na kabla pumzi haijamtoka, kutoka pale kizingitini gizani sauti yake mwenyewe, changa kwa miaka tisa, yenye haraka ya mtu anayetaka kwenda kunywa chai, ikajibu: "Tupu!"

Mashine ikanguruma. Akapiga kelele, "Mtu! Mtu yumo!" na ile sauti ikapiga kelele juu yake, "Tupu! Tupu!" na kamba zikaanza kukwaruza, na binti akaacha kupiga mluzi, na kule juu Kipara aliyeijua sauti ya Betri kwa miaka ishirini alisikia Betri mmoja anasema hapana na Betri mwingine anasema ndiyo, akadhani mwangwi unamchezea, akaiacha lifti iteremke, ghorofa ya tano, ya nne, upepo wake umeshafika shimoni unamtimua binti nywele, naye anaparamia ukuta wenye grisi na mikono inateleza, ya tatu, na Betri akajua kwamba sauti ile inaweza kusema kila neno alilowahi kusema yeye, na kwamba limebaki neno moja tu ambalo hajawahi kulisema.

"Nilimuua Mrefu!" alipiga ukelele. "Kipara! Niliizima mimi! Tochi haikufa, niliizima kwa mkono wangu!"

Sauti ya pili ikanyamaza kimya.

Lifti ikasimama. Sakafu yake ilikuwa imefika usawa wa kidevu cha binti.

Walimtoa akiwa mzima, amechubuka viganja. Hakumshika baba yake. Alikuwa amesikia kila kitu, maana shimo lile linapeleka sauti chini kuliko linavyoipeleka juu. Aliinama, akaokota tochi iliyokuwa imeanza kuwaka tena, akaiweka mfukoni mwake. Kipara alishuka kwa ngazi ghorofa zote kumi. Alimtazama Betri, akatema mate chini, akaenda kuwaita wenye jengo.

Nyumbani binti aliiweka tochi mezani mbele ya baba yake. "Mama kamfuata Mama Ubani, naye kamweleza mambo yote mawili aliyokuagiza. Limebaki la pili. Mke wa Mrefu anaishi mtaa wa nyuma. Twende."

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nitamtazamaje? Mpe tu. Atasikia kwa watu."

"Kasema usitume mtu."

"Mimi ni baba yako!" alifoka. "Nimekuokoa leo! Nenda!"

Binti alikwenda. Alirudi baada ya nusu saa, tochi bado inawaka mkononi. Mke wa Mrefu hakuipokea. Alikuwa ameitazama tu, akaitambua kwa mkwaruzo wa pembeni, akasema: "Mwambie namngoja." Akarudi ndani akaacha mlango wazi.

Betri hakwenda siku hiyo. Hakwenda siku ya pili. Aliirudisha tochi kabatini, akakaa chumbani kitandani, mlango umefungwa, akijiambia kesho, kama wenye jengo na swichi yao. Siku ya tatu asubuhi aliamka akaona hakuna mwanga chini ya mlango wa kabati. Akafungua. Tochi ilikuwa imezimika, ya baridi, nyepesi, kitu cha chuma tu. Moyo ulimtua. Akacheka peke yake, akakaa nayo kitandani kungoja chai.

Akasikia nyayo za mkewe mlangoni.

"Mzee, uko humo?"

Akafungua mdomo aitikie. Sauti haikutoka. Na kutoka mapajani mwake, pale alipoishika tochi, kitu kikajibu kwa sauti yake:

"Tupu!"

Mkewe akafungua mlango. Akatazama kitanda, akatazama kabati lililo wazi, akatazama pale pale alipokaa mumewe akimpungia mikono miwili. Kisha akamgeukia binti aliyekuwa nyuma yake, tayari kwa kazi, na tochi mpya shingoni.

"Labda amekwenda kwa yule mama," alisema, akafunga mlango.