Bega la Kushoto

"Nani kagusa bega la kushoto?"

Shubiri alisimama katikati ya chumba chao cha kushonea, simu mkononi, macho mekundu. Mafundi wa pale walikuwa wawili tu, yeye na mchumba wake, kwa hiyo swali lilikuwa na jibu moja.

"Mimi," Rula alijibu, mguu bado uko kwenye cherehani. "Gauni la mwalimu lilikuwa limekwenda upande. Wakati nalipiga pasi nikaona bega moja liko chini kwa vidole viwili. Nikafumua, nikalisawazisha. Ulikuwa umetoka, sikutaka kukusumbua."

"Lilikuwa chini kwa sababu mwenyewe yuko chini!"

"Yuko chini kivipi?"

"Bega lake limeshuka tangu azaliwe. Miaka yote analificha kwa mtandio. Leo, siku ya kuagwa kazini, alikubali kuuacha nyumbani kwa sababu nilimwapia hakuna atakayeona. Sikiliza alivyoniandikia."

Akasoma:

"Mwanangu, nimeondoka kabla ya hotuba yangu. Kitambaa kilinifura begani kama mto. Wanafunzi wangu walikuwa wanaangalia bega, si uso. Sikulaumu. Nilijidanganya mwenyewe."

Rula akatoa mguu kwenye cherehani.

Hawa wawili walikuwa mbingu na ardhi, na mtaa mzima ulijua. Rula alitoka kiwandani, alikoshona maelfu ya mashati yanayofanana. Hakati kitambaa bila rula na karatasi ya vipimo, ndiyo maana wakambatiza hivyo. Mchumba wake alifundishwa na bibi yake. Anapima kwa shubiri ya mkono, na hashiki mkasi mpaka mteja atembee hadi mlangoni, akae, anyanyue mikono, acheke. Rula aliyaona hayo maigizo matupu. Alimpenda, tena kufa, ila moyoni alikuwa anangoja siku atakayomfundisha kazi. Na harusi ilibaki wiki tatu.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia! Nilisema gauni hili usiliguse. Ukacheka, ukasema mimi na mambo yangu."

"Basi nimekosa. Nakwenda kwake sasa hivi."

Alipofika, mwalimu alimfungulia mlango mwenyewe, mtandio umerudi begani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Shubiri amenipigia. Wewe ndiye uliyenisawazisha?"

"Ni mimi. Nisamehe, mama yangu. Nilitengeneza gauni bila kumwangalia mwenye gauni."

Mwalimu akamwonyesha kiti, naye akakaa.

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini," akasema. "Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, jibu anapata, njia ni ya kwake. Nikawa namkosesha kila siku, mpaka akaacha kuuliza maswali. Baadaye nikagundua njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu. Nilimfuata nikamwomba anifundishe mimi. Wewe umeshawahi kumuuliza mchumba wako kwa nini anafanya kazi vile?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata moja."

"Kamuulize, mwanangu. Usichelewe kama mimi."

Hakufika mbali barabarani, alishatoa simu.

"Nifundishe," alisema ilipopokelewa tu. "Nataka kujua kwa nini unawatembeza wateja."

Shubiri akaongea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Swali hilo nimelisubiri miaka miwili. Nililisubiri uliponikataza kucheka kwa sauti mbele ya dada yako. Nililisubiri ulipomwahidi mama yako kwamba nikiolewa nitaacha nguo za rangi kali. Mimi kwako nimejifunza. Leo pindo zangu zimenyooka, na nimekushukuru mbele za watu. Wewe kwangu hukuokota hata sindano."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Hata lile bega ulikuwa unalisaidia."

"Nipe nafasi moja tu, mpenzi wangu. Moja."

"Haya. Niambie, ukiniangalia mimi, hivi nilivyo, unaona nini?"

Rula akashusha pumzi. Alikuwa na mengi, na yote yalimjaa kifuani kwa pamoja.

"Naona mwanamke ninayempenda kuliko uhai wangu. Una huruma, una kipaji. Watu wanakupenda. Yaani ukipunguza tu ule ubishi wako..."

Akanyamaza. Alichelewa.

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia."

"Nimekusamehe. La mwalimu na langu, yote nimekusamehe, sina kinyongo. Gauni lake nitalishona upya. Lakini harusi hapana. Siwezi kuzeeka nikijiuliza kesho utanifumua wapi."

"Shubiri..."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Rula alilia palepale kando ya barabara, mtu mzima na ndevu zake, wapita njia wakimkwepa.

Asubuhi yake akampigia mama yake.

"Mama, harusi haipo."

"Weee! Haipo vipi? Kosa la nani?"

"Langu."

"Sasa unalia nini? Si umwombe msamaha, mwanangu!"

"Amenisamehe, mama. Ndiyo maana najua harudi."