Barua Zenu Zinasomwa Ulaya

"Mwinyihaji, haya umeyaandika wewe au umeandikiwa?"

Mastura alilibwaga gazeti juu ya meza ya kompyuta. Mchumba wake, mwandishi wa habari za teknolojia, alikuwa ameingia dukani akitabasamu, akingoja kupongezwa.

"Hebu soma mwenyewe. Kwa sauti."

"'Barua Zenu Zinasomwa Ulaya,'" akasoma. "Kichwa kizuri, au sio?"

"Endelea."

"'Yeyote anayefungua barua kwa brauza, hata hapa Kisauni, ajue wageni wanamsoma neno kwa neno...'"

"Basi! Ndivyo nilivyokwambia mimi?"

Ilikuwa mwaka 1999. Duka la Mastura lilikuwa na kompyuta mbili na laini moja ya simu, na wanawake waliokuwa na waume Uarabuni walikuja pale kutuma barua pepe. Asiyejua kuandika alitamka, Mastura akapiga chapa. Ni yeye aliyemweleza Mwinyihaji habari ya kasoro ile: mwenye brauza ya zamani, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, akifungua ukurasa wa mtu mbaya, aweza kuchunguliwa faili zake. Waliotengeneza brauza walikwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu hilo, naye Mastura alikiweka tangu mwezi uliopita.

"Kiraka kiko wapi katika habari yako?"

"Mhariri alikata. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Na hilo 'neno kwa neno,' mhariri aliongeza?"

Mwinyihaji akajikuna shingo. "Hapana, hilo langu. Mastura, habari isiyotisha haisomwi."

"Imesomwa! Tangu juzi sijaona mteja. Andika masahihisho."

"Kesho, inshallah."

Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine. Harusi yao ilikuwa imebakiza mwezi mmoja, na kila Mastura alipouliza, bwana alizungumzia ukumbi na nguo. Wiki mbili zikapita hivyo. Ndipo barua ikaingia kwenye anwani ya duka, kutoka Dubai:

"Dada Mastura, assalamu alaikum. Mke wangu Barke amenyamaza wiki mbili. Nimemwandikia mara sita, hajibu. Kama amenichoka, mwambie Ijumaa natuma talaka kwa kaka yake. Khamis."

Mastura alipiga simu chumba cha habari.

"Njoo sasa hivi."

"Nina kazi, mpenzi..."

"Kazi yako inavunja nyumba ya mtu. Usipokuja, na yetu haitajengwa."

Akaja. Wakaongozana mpaka mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, wakamkuta Barke uani akichagua mchele.

"Huko dukani kwako siji tena, Mastura," alisema kabla hajaulizwa. "Maneno ya chumbani kwangu yasomwe na Wazungu? Shemeji alinisomea gazeti. Sasa gazeti zima litadanganya?"

Mastura alimgeukia Mwinyihaji, akamwachia ajibu.

"Bi Barke, habari ile niliandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kasoro ilikuwepo, lakini si kubwa kama nilivyosema, na kwa Mastura ilikwisha kuzibwa. Sina ushahidi kwamba mtu yeyote alisoma barua zako. Nilitia chumvi ili nisomwe. Nisamehe."

Barke aliuweka ungo chini polepole.

"Chumvi? Siku kumi na nne natembea nimeinamisha kichwa, nadhani mji mzima wajua siri yangu na mume wangu, nawe wasema chumvi?"

Mwinyihaji alitazama chini, machozi yakimlenga. Mastura alikuwa ameingoja saa hiyo kwa wiki mbili. Ilipofika hakufurahi, alihisi amechoka tu.

"Vaa buibui, Barke," alisema. "Khamis anataja talaka."

Dukani, Barke alitamka huku amemshika Mastura bega: "Mume wangu, sijakuchoka. Nilitishwa." Jibu liliingia kabla ya alasiri: "Alhamdulillahi. Karatasi ya talaka nimeichana."

Barke alilia mpaka akacheka.

Jioni ile Mwinyihaji alimwendea mhariri wake. Mhariri akamwambia masahihisho hayauzi gazeti.

"Basi tafuta mwingine wa kuandika safu hii," alijibu.

Mhariri alimsonya, lakini Jumatatu habari ikatoka, ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile: "Tulikosea Kuhusu Barua Zenu." Kiraka kilikuwemo, na maelezo ya kukiweka. Mastura aliisoma mara mbili akitafuta pa kukasirikia, asipaone.

"Na harusi?" Mwinyihaji aliuliza, amesimama mlangoni kama mteja asiyejua atahudumiwa au la.

"Ipo."

"Wallahi?"

"Ipo, Mwinyihaji. Ila kadi za mwaliko naandika mimi. Wewe utawatangazia watu kwamba bibi harusi ameliwa na papa."