Mkono Mwepesi wa Guylain

Mvua ya Bukavu haibishi hodi. Jumamosi hiyo ilishuka wakati soko la Nyawera limejaa, na kila mtu akakimbilia paa lililokuwa karibu naye. Colombe Bisimwa, binti wa mtaa wa Cimpunda, alikuwa amevaa kitenge cha njano kilichomkaa vizuri kiunoni na viatu vyeupe ambavyo hakutaka kabisa viguse tope. Alijikuta ndani ya saluni ya kinyozi mmoja aitwaye Guylain Murhula.

Guylain alikuwa na sifa mjini. Kina mama walikuja hata kutoka Nguba kumletea watoto wachanga wanyolewe kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi. Mtoto aliweza kulala tangu mashine inawaka mpaka inazimwa. Sifa hiyo aliipenda kupita kiasi, na alipenda pia kuwachekesha wanawake.

"Karibu, maman. Ikala apo, mvua itaisha," akasema. "Unaitwa nani?"

"Colombe."

Jina lilitoka katikati ya meno yaliyofungwa. Guylain akamnyooshea karanga za kukaanga, binti akakataa kwa kichwa. Akatoa mzaha wake mmoja, ule ambao haujawahi kumwangusha, na Colombe akamtazama tu. Guylain akaona aibu mbele ya wateja wake.

"Eh, maman Colombe, weye unajivuna sana. Ata kufungua mudomo juu yetu unaona ni kazi."

Wateja wakacheka. Colombe akaweka mkoba wake mapajani, polepole.

"Aifunguki," akasema, midomo ikicheza lakini meno hayakuachana. "Tangu niko mutoto. Sasa cheka na weye."

Hakuna aliyecheka tena. Guylain aliweka mashine chini, akaomba radhi, akaomba tena, na mvua ilipopungua akamwacha mteja mmoja kanyolewa nusu kichwa, akachukua mwavuli na kumsindikiza Colombe kwenye mlima wa Kadutu. Njiani alisema upuuzi mwingi. Colombe alicheka kwa mabega na macho, hewa ikimtoka puani, na walipofika Cimpunda viatu vyeupe vilikuwa havitambuliki na Guylain alikuwa amekwisha kupenda.

Habari ya taya lake ilikuwa hivi. Alipokuwa mdogo aliumwa masikio, usaha ukakaa humo muda mrefu bila dawa, na alipopona viungo vya taya vilikuwa vimegandana na fuvu, huku na huku. Tangu hapo hata kijiko hakikupita. Alikunywa uji, na bugali aliilegeza kwa mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, kisha akaisukuma kwa kidole kwenye pengo la jino lililong'olewa pembeni. Kidevu nacho kilibaki kidogo, kama cha mtoto. Watu waliomwona barabarani waliona msichana mwenye maringo.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, jioni, kila mmoja upande wake wa mji.

"Allô, chérie. Umekula?"

"Miye sikulake, niko nakunywa tu. Weye njo unakula juu yetu wawili."

"Basi nitanenepa mupaka unikatae."

"Nenepa. Nitapata kivuli ku jua."

Papa Bisimwa, babake Colombe, fundi seremala asiyependa maneno mengi, alimwita Guylain siku moja kwenye karakana yake. Alimwambia anamwona ni kijana mwema, lakini habari ya ndoa isubiri. Hatamtoa binti ambaye akitapika usiku anaweza kufa kwa kukosa pa kutapikia. "Apone kwanza," akasema. "Kisha njo tutaongea."

Guylain akaanza kuulizia kwa kila kichwa alichonyoa. Mteja mmoja ndiye aliyemtajia Dokta Barthélemy, mpasuaji wa taya na uso, mtoto wa Bukavu anayefanya kazi Kinshasa. Alikuwa akija kwa ndege mara moja moja, akishukia Kavumu, akipasua watu kwa majuma machache na kurudi.

Safari iliyofuata Dokta aliinua picha ya eksirei ya kichwa cha Colombe kwenye mwanga wa dirisha. Aliwaeleza kwamba atapasua mbele ya masikio, atakata mfupa ulioota mahali pa kiungo, kisha atashusha kipande cha msuli wa kichwani na kukilaza katikati ili mfupa usikutane tena na mfupa. Kwa kuwa kinywa hakifunguki, mrija wa kupumulia utapitishwa puani Colombe akiwa macho, ndipo wamlaze.

"Mais musikie muzuri," akasema. "Miye ninafanya nusu. Nusu ingine iko yenu ku nyumba. Mukiacha mazoezi, mufupa itarudi."

Wakaitikia wote wawili. Nani haitikii mbele ya daktari?

Siku ya upasuaji Guylain alinyoa ndevu zake mwenyewe akajikuta amesimama na upande mmoja umesahauliwa. Alikaa nje na maman Christine, mamake Colombe, na hakuna jambo hata moja ambalo mikono yake ingeweza kulifanya. Walipomtoa binti alikuwa amevimba asitambulike, vitambaa masikioni, lakini Dokta alitikisa kichwa kwa kuridhika. Siku zilizofuata uvimbe ulishuka. Asubuhi moja Colombe alishika kioo kidogo, akafungua kinywa, akakisogeza kioo karibu.

"Nini, chérie?"

"Lulimi yangu," akasema. "Sikukuwa naijua."

Aliitoa nje, akairudisha, akaitoa tena. Guylain alilia mbele ya wagonjwa wengine bila kujificha.

Mazoezi yalikuwa chini ya maman Eulalie, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, kazi yake kuwanyoosha watu viungo baada ya upasuaji. Alikuwa na vijiti bapa vya mbao, vile vya kubania ulimi. Alivipanga katikati ya meno ya juu na ya chini, kimoja juu ya kingine, mpaka kinywa kikatae, kisha akachomeka kingine katikati na kusukuma. Hapo ndipo mgonjwa anapopiga kelele. Kovu changa linavutwa, na lazima livutwe kila siku, asubuhi, mchana na jioni, la sivyo linakuwa gumu na mfupa unapanda juu yake.

Maman Christine aliona mara moja tu, akatoka nje akishika kichwa. Guylain akajitolea.

"Miye niko na mukono mwepesi," akasema kwa fahari. "Ata batoto banalala ku mikono yangu."

Maman Eulalie aliitazama ile mikono. "Apa atutafuti mukono mwepesi, papa," akasema. Guylain akadhani anataniwa.

Nyumbani Cimpunda juma la kwanza lilikwenda. La pili, Colombe alianza kulia kabla vijiti havijatoka mfukoni.

"Guylain, mupenzi, leo acha. Nakuomba."

"Kidogo tu, chérie."

"Unaniua. Acha."

Naye akaacha. Alitoa vijiti, akamfuta machozi kwa kona ya kitenge, akamletea maziwa ya vuguvugu, akamwimbia. Kesho yake akasukuma nusu. Kesho kutwa Colombe aliamka na homa, wakapumzika. Maman Eulalie alipopiga simu, kinyozi wetu alijibu kwa sauti tamu kwamba wanafanya vizuri. Kama ningekuwapo ningemnyang'anya vile vijiti na kumzaba kofi. Lakini ni nani kati yetu angeweza kukaa mbele ya macho yale, amesikia jina lake likiombwa, na bado asukume?

Ikafika asubuhi ambapo vijiti vya jana havikuingia vyote. Wakavirudisha mfukoni. Halafu kijiko kikaanza kugonga meno. Guylain alisukuma siku hiyo, akasukuma kweli, jasho likimtoka, na taya halikusogea. Dokta Barthélemy alikuwa amekwisha kurudi Kinshasa. Kisha vita vikaingia mjini, kiwanja cha Kavumu kikafungwa, na katika majuma hayohayo ambayo watu walijifungia ndani wakisikiliza milio, kinywa cha Colombe kilijifunga nacho, kidogo kidogo, huku wawili hao wakitazama.

Mji ulipotulia kiasi, Guylain alipanda Cimpunda. Colombe alikuwa ameketi mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

"Juu ya nini ulinisikia?" akauliza, meno yamefungwa kama siku ya mvua.

"Ulikuwa unalia, chérie."

"Nililia, ndiyo. Kila mutu analiaka kule. Juu ya nini ulinisikia?"

"Juu nakupenda."

"Apana. Weye aukutaka kuona machozi. Ile ilikuwa raha yako, aikukuwa mapenzi juu yangu." Alimwaga uji uliobaki uani. "Enda. Usikuye tena."

Guylain alishuka mlima akiwa na uchungu ambao hakuweza kumpa mtu mwingine hata tone. Jioni alipiga simu. Colombe alipokea, akasikiliza pumzi yake, akakata. Ikawa hivyo jioni nyingi. Saluni ilianza kukosa watu. Siku moja alimkata mtoto sikioni, kidogo tu, na mama mtu akaondoka na mtoto wake bila kugombeza, jambo lililomuumiza zaidi ya matusi. Alifunga mapema, akakaa kwenye kiti cha wateja akitazama ukuta.

Msimu wa kiangazi ulikuwa umeanza, vumbi limekaa juu ya kila kitu, simu ilipolia yenyewe.

"Dokta amefika," Colombe akasema. "Amepitia Rwanda, amevuka muto Ruzizi."

"Atakupasua tena?"

"Ndiyo. Anasema mara ya pili iko ngumu kupita ya kwanza. Na ya tatu aitakuwa." Akashusha sauti. "Niko naogopa, Guylain. Ile murija ya mu pua. Nakumbuka yote."

"Nikuye?"

"Kuya. Mais ku mazoezi autaingia. Nitakuwa na maman Eulalie peke yetu. Nikikuita, usiingie. Ata nikisema nakufa."

"Sasa miye nitafanya nini apo?"

"Utaikala inje. Nataka ukuwe apo."

Guylain akaahidi. Ilikuwa ahadi rahisi kwenye simu.

Upasuaji wa pili ulichukua muda mrefu kuliko ule wa kwanza, na Dokta alipotoka hakutikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema tu kwamba amekata alichoweza. Siku chache baadaye maman Eulalie alikuja na vijiti vyake, akamchukua Colombe kwenye chumba cha mwisho cha korido na kufunga mlango.

Nje palikuwa na benchi. Guylain aliketi upande mmoja, maman Christine upande mwingine, rozari mkononi. Kwanza palikuwa kimya. Halafu kikaja kilio kirefu ambacho hakikupita katikati ya meno. Kilitoka kinywa wazi, chote, na wagonjwa wakachungulia milangoni.

"Guylain!"

Alisimama kabla hajajua. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Guylain, kuya! Nitoe apa, nakufa!"

Hakuwahi kusikia jina lake likitamkwa na Colombe vizuri namna ile. Aliachia kitasa. Alirudi, akaketi, akaiweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia.

"Unasikia mutoto anakuita?" maman Christine akasema. "Unaikala?"

"Niko nasikia, maman."

"Basi miye nitaingia."

Guylain akasimama tena, safari hii mbele ya mlango. Mama wa watu alimsukuma kifuani. Alimwambia hana moyo, alimwambia hajazaliwa na mwanamke, alimwambia kwamba kwa Bisimwa asikanyage tena mpaka afe. Guylain alisimama pale machozi yakimtiririka mpaka shingoni, akisema neno moja tu, polepole: "Ikala, maman. Nakuomba, ikala." Nyuma yake jina lake liliendelea kuitwa, na kila lilipoitwa alitamani awe kiziwi.

Hatimaye sauti ikakatika. Mlango ukafunguliwa na Colombe akatoka ameshika ukuta, uso umelowa, damu nyembamba kwenye kona ya mdomo, kitambaa cha kichwa kimeanguka begani. Aliketi kwenye benchi na kumtazama Guylain.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilikuita."

"Mara mingi."

"Na aukukuya."

"Sikukuya."

Colombe aliegemeza paji la uso begani kwake, kwa uangalifu, kwa kuwa huku na huku paliuma. Alikuwa bado anatetemeka. Guylain hakuthubutu kumgusa.

"Jumapili papa iko ku nyumba," akasema, kinywa kikifunguka na kufunga kwa shida, kila neno likimgharimu. "Kuya na bakubwa bako. Muongee naye."

Guylain aliitikia kwa kichwa. Maman Christine aligeuza uso upande wa dirisha na kujifuta kwa kitenge.

"Colombe," maman Eulalie akaita kutoka ndani. "Pumuziko imeisha. Tuko na mara ingine."

Binti alifunga macho. Guylain aliona namna mabega yalivyopanda, na akajua kwamba kesho itakuwa hivi, na kesho kutwa, na miezi, na kwamba hakuna atakachoweza kumpunguzia. Colombe alisimama, akarekebisha kitambaa chake, akaingia, na mlango ukafungwa.

Kilio cha kwanza kilipotoka, maman Christine alimshika Guylain mkono, na hakuna kati yao aliyesimama.