Mgombea wa Fundi

"Usinitaje, nakuomba."

Aliyekuwa akiniomba hivyo ni mbunge mzima, mwenye walinzi wawili pale mlangoni. Alinivuta pembeni ya ngazi za ofisi ya gazeti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mikono hiyo ilikuwa ya baridi.

"Mheshimiwa, si nyie wenyewe ndio mnapenda kutajwa?"

"Hiyo zamani. Mtaje mwenzangu, yule mnene wa kamati ya fedha. Andika kwamba chama kitampitisha yeye kugombea urais. Andika kwa herufi kubwa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kazi yangu ni kukisia. Kila Jumamosi naandika ukurasa wa tatu, chama kitamsimamisha nani, na wasomaji wameniita Mtabiri mpaka jina langu la kuzaliwa hata mwenye nyumba wangu halijui. Wa kwanza kumtaja msimu huu alikuwa waziri mstaafu. Jumamosi iliyofuata walimkuta kwenye kiti chake, miwani usoni, gazeti letu mapajani, roho haipo. Nikasema ni umri. Wa pili alikuwa mama mmoja hodari wa kuhutubia. Jumamosi iliyofuata alipanda jukwaani, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mpaka leo haijatoka. Anazungumza na wajukuu zake kwa vikaratasi.

Nilipanda ngazi hadi kwa Mhariri.

"Bosi, nihamishie kwenye michezo."

"Michezo ina wenyewe. Wiki moja tu imebaki chama kikutane kumpitisha mgombea. Nataka jina kabla ya saa kumi na moja leo."

"Na yakimpata kama ya wale?"

"Wewe unaandika, huui. Kaandike."

Badala ya kuandika nikaenda kwa Fundi, mchumba wangu. Duka lake ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na lile sanamu la kuvalishia nguo lisilo na kichwa. Siku hiyo sanamu lilikuwa limevaa koti jeusi ambalo halijapigwa vifungo. Nilipoingia tu, Fundi akalitupia shuka.

"La nani hilo?"

"La mteja."

"Mteja gani anafunikwa shuka?"

"Mteja ambaye hapendi kutazamwa. Umekula?"

"Sijala."

"Utakufa na kukisia kwako. Kaa hapo, nakwenda kununua uzi, nikirudi tule."

Nilikuwa nampenda yule mwanamke kwa namna ambayo hata mimi ilinitia aibu. Nilikuwa nimemchumbia miezi miwili iliyopita, na jibu likawa moja tu: subiri Shangazi aseme. Shangazi ndiye aliyemlea. Ni karani wa makao makuu ya chama, mwaka wa thelathini sasa anaandika kumbukumbu za vikao, na hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Fundi akatoka. Simu yake ikabaki mezani, ikawaka. Nilitazama. Asiyewahi kutazama simu ya mpenzi wake na anicheke.

Ujumbe ulitoka kwa Shangazi: "Kamati kuu imekaa jana. Mgombea wako amepita bila kupingwa. Suti iwe tayari Jumamosi ijayo, siku ya mkutano mkuu. Mtabiri asijue, unaujua mdomo wake."

Karani wa chama mwenyewe. Na suti iko hapa, chini ya shuka.

Nikafungua daftari la vipimo. Ukurasa wa mwisho: "Mgombea. Suti nyeusi. Kifua 38. Kiuno 32. Mkono wa kushoto umepungua nusu inchi." Na pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Fundi ninaoujua: "Kipenzi cha roho yangu."

Nilisoma maneno hayo mara nne. Kumbe ndiyo maana Shangazi hasemi. Kumbe nimewekwa benchi, na kuna mkubwa mmoja wa chama anakuja kupimwa kifua na mchumba wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa nimeiona.

Sikungoja chakula. Nilirudi ofisini nikaandika bila kunyanyua kichwa. Jina sikuwa nalo, lakini vipimo nilikuwa navyo, nikavimwaga vyote, kifua, kiuno na nusu inchi ya mkono. Nikamalizia: "Huyu ndiye. Amekwisha kupita. Jumamosi ijayo mtamwona kwenye suti nyeusi."

Sitaki kudanganya. Nilijua ninachofanya. Nilitaka afe.

Kesho yake asubuhi Fundi akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Nenda kwenye kioo."

"Fundi, mbona sauti yako..."

"Nenda kwenye kioo, tafadhali."

Nikaenda.

"Nyoosha mikono yote miwili mbele. Unganisha viganja."

Niliibana simu kwa bega, nikaunganisha viganja. Vidole vya kushoto viliishia nyuma ya vidole vya kulia. Nusu inchi, labda na kidogo.

"Ulivunjika ukiwa darasa la nne," akasema. "Ulinihadithia mwenyewe."

Mle kwenye kioo nilimwona mtu ambaye vipimo vyake vilikuwa mikononi mwa watu laki moja wanaosoma gazeti letu.

"Mgombea ni wewe. Mimi na Shangazi ndivyo tunavyokuita, tangu ulipokuja kuniposa na hotuba yako ndefu. Kamati kuu ni wajomba zangu. Mkutano mkuu ni harusi. Shangazi kachagua siku ileile ya chama, watu wote watakuwa majumbani wanasubiri redio, hakuna wa kusema amesafiri. Nilitaka uingie dukani siku moja, nivue shuka, nikwambie umepita."

"Ulinipima lini?"

"Ile Jumapili uliyolala kwenye benchi. Nilikugeuza huku na huku, wala hukushtuka."

Mtu anayegeuzwa na kupimwa urefu bila kushtuka, kwa kawaida hashonewi suti, hukatiwa sanda.

"Sasa nami nina swali," akasema. "Ulipoandika, ulikuwa unajua yanayowapata unaowataja?"

"Fundi..."

"Jibu."

"Nilikuwa najua."

"Ulitaka mtu afe kwa sababu nimemwandika kipenzi."

"Ndiyo."

Nilisikia cherehani ya jirani ikikimbia huko nyuma.

"Basi kamati kuu imebatilisha," akasema, akakata.

Wiki ile nzima hakupokea simu yangu. Mjini wanaume wazima walikuwa wanasimama mbele ya vioo wakiunganisha viganja. Nilimwona yule mbunge kwenye korido, mikono mbele, msaidizi wake kapiga goti na rula. Usiku sikuwa nalala, nilikuwa nahesabu. Waziri, siku saba. Yule mama, siku saba. Nami siku ya saba ni Jumamosi, siku iliyokuwa iwe ya harusi yangu.

Alhamisi Shangazi akaniandikia: "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hata hivyo kura yangu sijaibadili. Kesho saa tisa nenda ukazungumze naye. Nyoosha maneno, hotuba baki nayo."

Ijumaa nilimkuta Fundi anapiga pasi suruali ya ile suti.

"Bado unaimalizia?"

"Kazi ya mtu siiachi katikati. Nikishamaliza nitaigawa."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi? Kwa simu, kwa daftari, au kwa kuua?"

Kabla sijajibu mlango ulifunguka. Hatukusikia gari wala viatu. Aliingia mzee mwembamba, amenyoa vizuri, na wala hakutusalimia.

"Nimekuja kuvaa suti yangu."

Fundi akaweka pasi wima. "Samahani, baba, wewe sijawahi kukupima."

"Nimepimwa gazetini."

Akanyoosha mikono, akaunganisha viganja. Vidole vya kushoto viliishia nyuma. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Ulikuwa upungufu uleule.

Alivua koti lake, akachukua lile jeusi kwenye sanamu, akalivaa. Liliingia bila kuvutwa. Mabega yalikaa, kifua kikafunga, mkono wa kushoto ukaishia pale unapotakiwa kuishia. Fundi ameshona miaka kumi na mbili, lakini nilimwona anarudi nyuma hatua moja.

"Imenikaa?" mzee akauliza.

"Imekukaa," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikutakiwa kufanya lolote. Ilitosha ninyamaze. Mzee ataondoka na suti, ataondoka na vipimo, na kesho jambo likija kutafuta mwenye nusu inchi litampata yeye. Nilikaa kimya. Nasema kweli, nilikaa kimya kwa muda ambao hata sasa naona haya kuukumbuka. Fundi hakumtazama mzee tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mzee, vua," nikasema.

"Nini?"

"Vua hilo koti. Aliyetajwa si wewe, ni mimi. Niliandika kwa wivu, nikidhani ni hawara wa mchumba wangu. Na ninaowataja hawafiki mbali, unajua. Vua, nipe nivae mimi."

Mzee akafunga kifungo cha mwisho.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilimzika waziri. Tulikuwa watu wengi makaburini, na hakuna aliyekuwa anatazama kaburi. Tulikuwa tunatazamana." Akajipangusa begani vumbi ambalo mimi sikuliona. "Kijana, nimekaa kwenye chama hiki miaka thelathini na sita. Wewe umetaja watu mpaka wajinga, mimi hujanitaja hata mara moja. Kuna watu wanakufa hawajatajwa kabisa."

"Utakufa, baba," Fundi akasema.

"Nitakufa nikiwa mgombea."

Akachukua suruali pale mezani, ikiwa bado ya moto, akatoka. Tulikimbilia mlangoni. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na hakukuwa na mtu.

Tulirudi ndani. Fundi akachomoa waya wa pasi, akakaa kwenye benchi.

"Ulitaka kunyamaza," akasema.

"Nilitaka sana."

"Niliona. Nilikuwa naomba usinyamaze."

"Sijui kama nimeokoka. Kesho ni siku ya saba. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mimi."

"Inaweza."

"Basi tungoje ipite kwanza, ndipo tuzungumze habari za ndoa."

"Nani angoje?" Akainuka, akanishika shati kifuani. Machozi yakaanza kumtoka. "Ikiwa ni kukulilia, nitakulilia ukiwa mume wangu. Sitaki watu waje kunipa pole za nusunusu, oh, alikuwa anamchumbia tu."

Jumamosi sebule ya Shangazi ilijaa hadi barazani. Redio ilikuwa kwenye kabati, sauti chini, watu wakila huku masikio yako huko. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu la kazini.

"Mgombea wetu kaja na koti lenye doa la wino," Shangazi akawaambia wajomba. "Tumeshampitisha, tutafanyaje."

Ofisa wa ndoa alituuliza, tukakubali, tukatia saini. Fundi alinishikia karatasi. Tulipokaa tu, mjomba mmoja akapandisha redio. Mwenyekiti wa chama alikuwa anataja jina. Lilikuwa jina ambalo hakuna gazeti lililowahi kuliandika, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Ndiye yule wa jana?" Fundi akaninong'oneza.

"Subiri nisikie sauti."

Makofi yakatulia. Ikaja sauti taratibu, ile ile.

"Ndugu wajumbe, nimesubiri miaka thelathini na sita. Nakubali, na naahidi..."

Tulisubiri aahidi. Kwenye redio kilisikika kiti kikianguka, kisha mtu mmoja akisema "mshikeni," kisha hakuna kitu. Baadaye wakapiga muziki wa taratibu, bila maneno. Sebule nzima ikageuka, ikanitazama mimi. Nilijipapasa kifua. Moyo ulikuwa unakwenda.

Simu yangu ikaita. Mhariri.

"Mtabiri, umesikia? Kiti kiko wazi. Nataka jina la anayefuata kabla ya saa kumi na moja."

"Leo ni harusi yangu, bosi."

"Hongera. Jina moja tu, uendelee na harusi. Taja yeyote."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amenishika mkono ule mfupi, hauachii.

"Yeyote?"

"Yeyote yule."

"Basi, bosi, nitajie vizuri majina yako matatu, nisije nikakosea herufi."

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika, na gazeti la Jumamosi iliyofuata lilitoka na tangazo la sabuni kwenye ukurasa wa tatu.