Raba Nne kwenye Kitabu cha Annis

"Weka chini hicho kitabu, mama, kabla hujawaharibu watoto wako."

Basi hayo ndiyo maneno aliyoanza nayo Wendell Prater, na asije mtu akasema nimeongeza chumvi, maana nilikuwa nyuma ya meza ya keki na nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa Jumamosi ya gulio la vitabu vilivyotumika, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Knoxville. Sisi tunaosomesha watoto nyumbani siku hiyo hatuikosi hata kwa homa. Watu walikuwa wanasukumana, watoto wachanga wanalia migongoni, na mama mmoja alikuwa amekalia boksi la vitabu vya hesabu lisichukuliwe na mwenzake.

Aliyeambiwa hivyo aligeuka polepole. Roslyn Tackett, sketi ndefu ya jinzi, buti nyekundu, nywele za rangi ya shaba zimeshikwa kwa penseli.

"Samahani, tunajuana?"

"Nakijua hicho kitabu. Hadithi tupu! Mtoto anasoma mwaka mzima habari za mkulima na nguruwe wake, ukimwuliza kitenzi kimoja cha Kilatini anakutolea macho."

"Na wa kwako anasomaje?"

"Majedwali ya vitenzi. Kukariri kila asubuhi."

"Maskini. Ndiyo maana amenuna hivyo."

Roslyn alikuwa anatania tu. Hakujua. Yule binti wa miaka kumi aliyejificha nyuma ya shati la kazi la baba yake anaitwa Della, na tangu mama yake afariki, miaka miwili sasa, hakuwa ametamka neno hata moja la Kilatini. Mama, Annis, ndiye aliyekuwa akimfundisha, na walifika somo la kumi na tisa. Wendell, fundi viyoyozi, mwenyewe hajui Kilatini, lakini alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani: chama chetu cha wazazi kichague mtaala uleule wa Annis, ili Della aanzie pale alipoachia.

Na mwalimu tuliyekuwa tumempata, pekee kati yetu aliyesoma Kilatini chuoni, ni nani? Roslyn huyohuyo. Naye alitaka hadithi.

Saa ya mwisho ya gulio huwa tunajaza mifuko. Unasukumia chochote kilichobaki mezani, huangalii, utachambua nyumbani. Roslyn alijaza wake kwenye meza ya Opal, dada yake Wendell, akaondoka kichwa juu.

Mikutano ya Jumanne iliyofuata, ya kuchagua mtaala, Mungu atusamehe, tulikuwa tunakwenda kuangalia ugomvi.

"Wanangu walilia machozi juu ya hayo majedwali yako, bwana Prater!"

"Wakilia wafute machozi waendelee. Wewe unataka kuwabembeleza tu."

"Na wewe unataka kuwafanya kasuku!"

Halafu simu zikaanza. Alianza Wendell, eti anataka kumrekebisha kitu alichosema mkutanoni. Siku ya pili akapiga Roslyn kumrekebisha na yeye.

"Umekula?" aliuliza Wendell siku moja, katikati ya matusi.

"Mkate na mchuzi. Kwa nini?"

"Sauti yako ya njaa inakuwa kali zaidi."

"Hujaisikia bado ikiwa kali, mpenzi."

Lile neno lilimtoka tu.

"Bado nakuchukia," alisema Wendell.

"Afadhali. Nilianza kuogopa."

Kuanzia hapo pikapu ya Wendell ikawa haikauki mlangoni kwa Roslyn, kiyoyozi kisichoharibika kinatengenezwa mara tatu kwa wiki. Roslyn, aliyeachwa na mumewe miaka minne nyuma na kuapa hatadanganyika tena, akaanza kupaka rangi ya mdomo kwenda kutoa takataka. Mbele za watu bado walikuwa wanararuana.

Mwezi wa saba, Roslyn akichambua ule mfuko wa gulio, akakutana na mtaala wa majedwali. Kitabu cha mwanafunzi, kimejaa penseli kila ukurasa, kona moja imetafunwa na mbwa. Moyo wake uliruka. Birthday ya Della ilikuwa Jumamosi ile! Akaamua: nitamzawadia huyu mtoto kitabu cha upande wa baba yake, ajue simpigi vita.

Sasa sikiliza. Kwetu sisi kitabu cha mazoezi hakitupwi. Tunaandika kwa penseli makusudi, mkubwa akimaliza unafuta, mdogo anaanza upya. Kumpa mtoto kitabu chenye maandishi ya mwingine ni aibu. Kwa hiyo Roslyn alikaa jikoni jioni sita na raba, anafuta, vidole vinauma. Pembeni mwa kurasa mtu alikuwa ameandika vitu vya kuchekesha, nyimbo fupi za kushika majedwali kichwani. Alisoma kila kimoja kwa sauti, binti zake Nell na Corrie wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu akakifuta. Alimaliza raba nne. Kitabu kikawa cheupe.

Jumamosi, nyumbani kwao, Della alifungua zawadi ya Roslyn mbele ya keki. Akaona ile kona iliyotafunwa.

"Hiki ni cha mama," alisema. "Mbwa wetu Biskuti ndiye aliyekitafuna."

Akafungua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akarukia wa mwisho. Hakulia, aliweka kitabu mezani taratibu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Umefanya nini?" Sauti ya Wendell sikuwahi kuisikia hivyo.

"Nili... nilikisafisha. Wendell, sikujua ni cha..."

"Umekitoa wapi? Umeingia gereji kwangu, kwenye maboksi ya Annis?"

"Kilikuwa gulioni!"

"Mwongo! Umeshindwa kunishinda mkutanoni ukaja kumfuta mke wangu nyumbani kwake. Toka!"

"Unajisikia unachosema?"

"Toka, Roslyn!"

Alitoka na buti zake nyekundu, na sisi wengine tukabaki tunaangalia sahani. Opal alikuwa amekuwa mweupe kama karatasi. Kesho yake ndipo alipomweleza kaka yake: yeye ndiye aliyepunguza maboksi ya gereji na kuyapeleka gulioni, akidhani anamsaidia.

Roslyn alipiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Najua hukuiba," alisema Wendell. "Opal ameniambia."

"Basi nisikilize..."

"Nisikilize nini? Mwandiko wa Annis ndio huo tu uliokuwa umebaki. Utaurudisha?"

"Siwezi."

"Basi usipige tena."

Jumanne ya kura, chumba cha chini ya kanisa kilijaa. Wendell alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, Della pembeni yake anaangalia viatu, kile kitabu mapajani. Roslyn akasimama. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa.

"Nilikuja kutetea hadithi," alisema. "Siitetei tena. Nimefuta kitu cha mtu, na sina cha kulipa. Ila kila mstari niliusoma kabla ya kuufuta, na wanangu wanaujua. Nell, Corrie, simameni."

Wendell aliinuka kama anayetaka kuondoka. Wale wasichana wakaanza jedwali la kitenzi cha kupenda, wanapiga makofi:

"Amo, amas, amat,
paka wetu yuko paani!
Amamus, amatis, amant,
kavaa tai ya nani?"

"Sio paka!"

Chumba kizima kiligeuka. Della alikuwa amesimama, uso mwekundu kwa hasira.

"Ni mbwa! Ni Biskuti! Mnaimba vibaya!" Akapiga makofi yake mwenyewe, akaimba lote kuanzia mwanzo, amo hadi amant, halafu akaendelea na ubeti wa pili, wa Biskuti kuteremka kwa ngazi, ambao Nell na Corrie waliusikiliza mdomo wazi.

"Huo haukuwemo," Roslyn alinong'ona. "Huo haukuandikwa popote."

"Mama aliniimbia tu," Della alisema. "Uko mwingine pia wa kuku."

Mimi nililia, na sioni haya kusema. Roslyn alikiokota kile kitabu cheupe kilichoanguka Della aliposimama, akachomoa penseli nywelini, akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Niambie polepole, mwanangu. Naandika."

Mkono ukamshika kwa nyuma. Ni Wendell, machozi yamefika kidevuni, anahangaika na mfuko wa shati lake la kazi. Akatoa kalamu.

"Wino," alisema. "Ukinigusia penseli tena kwenye hicho kitabu, nakufukuza mjini."

Roslyn aliipokea. "Bado una hasira?"

"Nyingi sana. Na nyumbani kwangu raba ni marufuku, ulizoee hilo mapema."

"Niizoee nyumba yako? Hiyo ni posa au onyo, bwana Prater?"

"Andika kwanza," alisema Wendell. "Mtoto anasubiri."