Kanda Tupu Ilipomwita Mboni

Kanda tupu haina la kusema. Ukiipachika kwenye kompyuta, mtambo unaipapasa kidogo, unaona hamna kitu, unaiacha. Ile ya siku hiyo mtambo uliing'ang'ania, magurudumu yakazunguka taratibu kama mtu anayetafuna huku anawaza, na Zamzam, aliyeipachika kwa mkono wake mwenyewe, akasikia harufu ya udi.

"Nani kajifukiza humu?" akauliza.

"Si wewe mwenye mchumba?" Mboni, mdogo wake, akacheka.

Walikuwa wawili tu katika chumba cha kanda cha shirika moja la umma, ndani ya nyumba ya ghorofa pale Kariakoo, iliyotaifishwa mwaka uliotangulia. Mkuu wao, Ndugu Filbert, mtu wa Songea mwenye kupenda kanuni kuliko ugali, alikuwa ameupa mtambo maagizo mapya: usome wenyewe kanda zote za akiba, zile zilizowekwa ili za kazini zikiharibika shirika lisibaki mikono mitupu, kisha uchape kilichomo katika kila moja. Kazi ya wasichana ilikuwa kupachika na kupachua. Zamzam ndiye aliyempigania Mboni apate kibarua hicho. Tangu mama yao afariki, yeye ndiye mama.

Mtambo ulikuwa na spika ndogo iliyokoroma siku nzima, ili wenye zamu wajue kazi inakwenda. Mkoromo ukakatika. Kisha spika ikaita kwa sauti laini, kama ya mwanamke aliye chumba cha pili.

"Mboni."

Sote tumefundwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu, maana jini hafiki mara tatu. Lakini tumefundwa pia kwamba mkubwa akiita hukawii, unaitika. Mboni, maskini, alikuwa mtoto wa adabu, na adabu ikaiwahi akili.

"Abee!"

Zamzam alirusha mkono amzibe mdomo. Alichelewa. Mboni alikwenda chini mzimamzima, na udi ukajaa chumba mpaka macho yakawasha.

Kuanzia hapo, nyumbani kwao Magomeni, Mboni hakula wala hakusema. Hospitali walimpima damu, wakasema malaria hana. Lakini kila mtambo ulipowashwa kule Kariakoo, huku Magomeni Mboni aliinuka kitandani, akasema "Abee," akaelekea mlangoni, na wanaume wawili walishindwa kumrudisha. Alikuwa anakwisha. Zamzam aliziona mbavu za mdogo wake zikihesabika, akalia, akajua kwamba asipofanya kitu atamzika.

Aliyemfungua macho ni Kishor, aliyepanga duka chini ya nyumba ile ile iliyokuwa yake.

"Dada, chumba kile hamkufukiza?" Kishor aliinamia kaunta, akashusha sauti. "Kila Alhamisi baba yangu alimpa mlinzi ubani afukize. Mwenye chumba, yule asiyeonekana, tulimkuta humo. Hatukuweka hata gunia. Nilimwambia bwana aliyekuja kuchukua funguo, akasema hayo mambo ya kibepari."

Haya! Jini ana habari gani na Azimio la Arusha? Yeye anajua Alhamisi yake.

Zamzam akaenda Mchikichini kwa Bi Sitara, mganga, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi.

"Mmemnyima ubani, mkamwekea kanda tupu," alisema Bi Sitara. "Nyumba tupu ikikaa, haikosi mpangaji. Kanda hiyo ndiyo kiti chake sasa, na mwito wa mdogo wako umo humo. Lazima akae kitini ndipo nikichome. Na wewe, mwanangu, akikuita, usithubutu."

Alhamisi, adhana ya magharibi ilipokwisha, Ndugu Filbert, aliyekubali baada ya Zamzam kumsihi siku mbili, aliwafungulia mlango wa nyuma huku jasho likimtoka. "Mimi Mkristo," alinong'ona. "Sitaki maswali ya padri wala ya mkurugenzi." Wakamlaza Mboni kwenye mkeka. Bi Sitara akatia ubani kwenye chetezo, Zamzam akapachika kanda, magurudumu yakaanza kuzunguka.

Spika ilikoroma, ikanyamaza, na katika ule moshi uliokuwa unapanda ukuta badala ya kutoka dirishani, huku Mboni akitetemeka na meno yake yakigongana, Zamzam akaisikia sauti aliyoizika kwa mikono yake, sauti ya mama yake, yenye kile kikohozi kidogo cha mwisho, ikimwita kutoka ndani ya chuma, "Zamzam, mwanangu," na kooni mwake neno likapanda lenyewe kama tapishi, na akajiumauma ulimi na akajitia upindo wa khanga kinywani na bado neno likapanda, maana ni mwana gani anayeitwa na mama yake akanyamaza?

Alinyamaza. Damu ilimjaa mdomoni, lakini alinyamaza.

"Toka!" Bi Sitara alilichomoa gurudumu likiwa bado linazunguka, akalitumbukiza kwenye makaa. Kanda ikajikunja, ikalia, kitu kikapiga kelele darini, na hewa ikawa hewa.

"Dada," Mboni akasema kutoka mkekani. "Nina njaa." Zamzam alimkumbatia akalia kwa sauti, na Ndugu Filbert naye akageuka ukutani kupangusa macho.

Mboni akanenepa, akaacha kazi, akawa anakaanga vitumbua nyumbani. Alasiri moja Ndugu Filbert akamuulizia.

"Mzima, alhamdulillahi," Zamzam alijibu.

"Mungu mkubwa. Na shirika halikupoteza kitu."

"Kitu gani, ndugu?"

"Ile kanda. Ulidhani nitaacha mali ya umma ichomwe hivi hivi? Asubuhi ya Alhamisi ile, kabla mganga hajaja, nilitoa nakala."

"Lakini ilikuwa tupu!"

"Tupu vipi, na mtambo uliisoma? Kinachosomeka kinawekewa akiba, ndiyo kanuni." Alitabasamu, mtu mwema yule. "Nimeipeleka tawi letu la bandarini. Nao wana mtambo. Alasiri hii ndiyo wanaanza kusoma kanda zao."

Zamzam hakungoja ruhusa. Alishika Mtaa wa Msimbazi, akateremka Jangwani, kiatu kikabaki topeni hakukirudia, mpaka uani kwao Magomeni, ambako Mboni alikuwa ameinamia karai la mafuta huku akiimba.

"Dada! Mbona unahema hivyo?"

"Ziba masikio!"

"Kuna nini?"

"Ziba, mdogo wangu, ziba tu!" Akamrukia, akamkandamiza masikio kwa viganja vyake mpaka hereni zikamchoma. Mboni akawa anacheka, akidhani ni utani.

Kisha kicheko kikakatika. Mboni akatazama upande wa bandari, juu ya bega la dada yake, na uso wake ukalainika kama wa mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na wa kwao.

"Abee, mama," akasema. "Nakuja."